Magunia Nyuma ya Mashine ya Baridi

Athumani,

Soma barua hii leo, kabla hujafunga sanduku. Nimeiweka juu ya nguo zako ili usiweze kulifunga bila kuishika. Wewe umekwenda Kaloleni kuaga rafiki zako, mama yako yuko kwa Bi Mariamu wanakuandalia vitumbua vya safari, na mimi nimebaki na meza. Treni yako ni kesho jioni. Sasa ni saa tisa mchana, na kalamu ina wino wa kutosha.

Sitaandika habari za pasi yako, wala dawa ya malaria, wala nani wa kumwona ukishuka Mombasa. Hayo mama yako amekwambia mpaka umeyakariri. Mimi nina jambo moja tu, nalo linamhusu mtu unayekwenda kufanya kazi kwake. Unadhani simjui Fundi Wafula. Namjua. Aliondoka Nairobi baada ya kufukuzwa kazi, na alifukuzwa kwa sababu ya habari iliyotoka gazetini. Habari hiyo niliiandika mimi.

Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili juma hili. Mara ya kwanza uliniuliza kama nina maumivu ya tumbo. Mara ya pili nilianza vizuri, kisha nikajikuta nakueleza namna ya kubadili treni, wakati treni yenyewe haibadilishwi. Miaka yote hii nimeishi kwa kupanga mambo ya watu wengine: nani, wapi, lini, kilitokea nini. La kwangu halipangiki. Nitaliandika kama lilivyokuja.

Unaikumbuka Idi ya maharage. Ulikuwa na miaka kumi, na ulilia kwa sababu uliona pilau haina nyama. Hapa Majengo watu bado wanaitaja. Walioamka mapema walikimbilia mabucha ya Shauri Moyo, na sisi wengine tulikula maharage na kutakiana heri. Salehe mwenye bucha aliitwa Bwana Maharage mpaka alipohamisha biashara yake. Watoto walimwimbia. Nadhani na wewe ulimwimbia.

Kabla ya Ramadhani ile Salehe alikuwa amenunua mashine ya baridi kutoka hoteli moja mjini iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake. Bucha la kwanza mtaani lenye chumba cha baridi. Chumba chenyewe kilikuwa cha mbao na mabati, kikubwa kama jiko letu, na nyuma yake, uani, ndipo ilipokaa mashine: mota, pampu, pangaboi, na fremu iliyojaa mabomba yaliyokunjwakunjwa na kuvishwa mapezi membamba ya bati. Aliyeifunga ni Wafula. Alikuwa fundi wa reli, anatengeneza majokofu ya mabehewa ya chakula, akiishi na mkewe na watoto wawili katika nyumba za reli pale Muthurwa. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, amevaa suti, anabadilisha nguo uani nyuma ya shuka ya Bi Zuhura, mama yake Salehe, anafanya kazi mpaka jua linakuchwa. Mtu wa maneno machache. Alikataa chai mara ya kwanza, mara ya pili akanywa vikombe vitatu.

Siku ya mwisho ya Ramadhani Salehe alichinja ng'ombe watatu kwa oda za Idi. Nyama ikaingia chumbani ikiwa bado na joto lake. Alasiri nilipita kuthibitisha oda yetu, na Bi Zuhura akaniita kutoka uani alikokuwa akipeta mchele.

"Juma, njoo uweke mkono hapa."

Niliuweka mbele ya yale mapezi ya bati. Upepo uliotoka ulikuwa wa moto, kama pumzi ya mgonjwa.

"Hii ndiyo mashine ya baridi?" akasema. "Mwanangu kauziwa jiko."

Salehe akatoka na kisu mkononi. "Mama, fundi alisema ndivyo inavyofanya."

"Fundi wako kazoea garimoshi. Garimoshi ndilo linalotoa moto nyuma. Hii imekujia na homa, na nyama ya watu iko ndani." Akanigeukia. "Wewe mtu wa magazeti. Joto lote hili linakwenda wapi?"

Athumani, hapo ningeweza kusema sijui. Ni neno moja. Badala yake nilitazama mashine, nikatazama ukuta wa mabati, nikasema, "Linarudi ndani. Bati halizuii joto." Nilisema kwa sauti ile ninayotumia kusoma taarifa. Bi Zuhura akapiga kofi moja. "Umesikia, Salehe? Msomi kasema."

Tukaleta magunia ya mchele, matupu, mawili mawili. Salehe alishika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaifunika ile fremu ya mapezi yote, mbele na pembeni, tukazungusha kamba ya katani. Fundo la mwisho nililifunga mimi. Nililijaribu kwa kidole, likawa imara. Joto lilikoma kutoka. Tulifurahi. Bi Zuhura alisema sasa imetulia, na mimi nikaenda nyumbani kufuturu nikiwa na furaha ya mtu aliyesaidia.

Alfajiri Salehe alinusa kitu kinaungua. Mota ilikuwa imekufa. Akang'oa magunia, akafungua mlango wa chumba, na harufu ikamrudisha nyuma. Nyama ile ingetundikwa nje tu, kwenye baridi ya usiku wa Nairobi, kama alivyofanya miaka yote, ingefika asubuhi salama. Ilikuwa imefungiwa na joto lake yenyewe. Ilibebwa kwenda kuzikwa, na magunia yaliyoibeba ndiyo yale yale. Kwa hiyo mashine ilipobaki wazi, haikuwa na dalili ya kitu.

Wafula aliitwa kutoka Muthurwa asubuhi ile ile. Uani palikuwa na watu kama ishirini wenye kanzu mpya na njaa. Nami nilikuwepo, na daftari. Alipiga magoti, akagusa mota, akagusa pampu, akapitisha kiganja juu ya mapezi. Akauliza bila kumtazama mtu:

"Palikuwa na kitu kimewekwa hapa?"

"Hakuna kitu," Salehe akajibu.

Bi Zuhura alinitazama. Mimi nilitazama daftari, nikaandika: *Salehe asema hapakuwa na kitu.* Ni kweli kwamba Salehe alisema hivyo.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Fundi, tutakula baridi yako na mchuzi gani?" Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Mpe maharage abebe kwa watoto." Wafula alichomoa uzi mdogo wa katani ulionasa katikati ya mapezi, akaushika kwenye mwanga, kisha akautia mfukoni. Akachukua vifaa vyake. Alipopita karibu yangu alisema, "Idi njema, Bwana Juma," nami nikaitikia.

Sikumuuliza neno. Hili ndilo ninalotaka ulielewe, kwa sababu halina kisingizio. Kila siku mimi huuliza. Namuuliza askari, namuuliza karani wa mahakama, namuuliza mjane mlangoni pake. Siku ile nilikuwa na mtu mmoja uani anayejua mashine ile inafanyaje kazi, na sikumuuliza kwa nini inatoa joto, wala alimwambia nini Salehe alipoifunga, wala ule uzi aliutia mfukoni kwa nini. Wakati ule sikujua kwamba magunia ndiyo yaliyoua mashine. Lakini nilijua kwamba yalikuwepo. Nikayaona madogo. Au nililiona fundo langu, nikaamua kwamba ni madogo. Nimelipima hilo mara nyingi, na kila siku linanipa jibu tofauti.

Habari ilikuwa fupi, safu moja, bila jina langu. Ilisema mashine ilitoa hewa ya moto tangu siku ya kwanza. Kweli. Ilisema mama wa mwenye bucha alionya mapema. Kweli. Ilisema mwenye bucha amekana kwamba palikuwa na kitu kilichoizuia. Kweli. Ilisema aliyeifunga ni fundi wa reli wa Muthurwa ambaye hufanya kazi hizo Jumapili. Hilo nililiweka kwa sababu mhariri hupenda msomaji ajue mtu ni nani. Hakuna sentensi ambayo ningeshindwa kuitetea. Mhariri alisema, "Safi, Juma, haina mafuta."

Wafanyakazi wa reli hawakuruhusiwa kushika kazi za nje. Sikulifikiria hilo. Kazi ilipokwenda, nyumba ilikwenda nayo, maana nyumba za Muthurwa ni za aliye kazini. Niliwakuta barabarani wakisukuma mkokoteni wenye kitanda, masufuria na cherehani, mtoto mdogo amekaa juu ya godoro. Wafula akasimama.

"Habari za kazi, Bwana Juma?"

"Nzuri. Mnakwenda wapi?"

"Pwani. Kule joto ni jingi, watataka mafundi."

Mkewe hakunitazama. Nilisema "safari njema", nikaenda zangu mahakamani, na habari niliyoandika siku hiyo siikumbuki.

Miaka sita nilikaa nikiamini kwamba nilimwandika fundi mbaya ambaye alipata bahati mbaya zaidi kuliko alivyostahili. Nilimhurumia hata. Kisha wewe ukaanza kufanya kazi gereji, ukaja nyumbani siku ile na grisi mpaka kwenye nyusi, unaeleza habari za gari la Kimarekani lililoletwa na mgeni, lenye mashine ya kupoza hewa ndani. Mama yako alidhani unatania. Ulichukua uma, vikombe viwili na mkufu wake, ukatandaza mezani.

Nakumbuka maneno yako vizuri kuliko maneno ya majaji. Ulisema: "Baba, mashine ya baridi haitengenezi baridi. Inachota joto ndani na kulimwaga nje." Ukaweka mkufu umejikunja na kusema hii ndiyo kondensa, iko mbele kabisa ya gari, mbele ya rejeta, ili gari likikimbia upepo uipige kwanza. Pampu inaibana gesi mpaka inakuwa moto. Gesi ya moto inapita kwenye mabomba ya kondensa, hewa inapita katikati ya mapezi na kuchukua joto lile, gesi inapoa na kugeuka majimaji. Majimaji yanapenyezwa kwenye tundu dogo, mbano unashuka ghafla, yanakuwa baridi, yanaingia ndani kuchota joto jingine, yanageuka gesi tena, na safari inaanza upya. Ukasema ni ile ile, iwe ndani ya gari, iwe kwenye sanduku la dirisha la ofisi, iwe kwenye jokofu la nyumba ya tajiri.

Nikakuuliza, "Kama nataka kitu kiwe baridi, kwa nini nianze kwa kukipasha moto?"

"Kwa sababu joto haliendi kwa aliye na joto zaidi. Lazima gesi iwe na moto kupita hewa ya nje, ndipo hewa ilipokee."

"Na Mombasa, ambako hewa yenyewe ni moto?"

"Unaibana zaidi, na kondensa unaifanya kubwa zaidi."

Hapo ulikuwa umenipoteza kidogo, na hadi leo nimepotea. Naelewa kila neno, na nikiyaunganisha yanatawanyika. Lakini swali langu la mwisho lilinitoka kabla sijaliamuru.

"Na mtu akiiziba ile kondensa? Kwa gunia, tuseme?"

Ulicheka. "Joto litakwenda wapi? Mbano utapanda, mota itaungua, na ndani hakutakuwa na baridi. Lakini nani ataiziba, Baba? Hilo ni kosa la mtoto mdogo."

Mama yako naye akacheka. Nilinyanyuka nikasema nakwenda kutia maji kwenye birika. Birika lilikuwa limejaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipita mjini chini ya madirisha ya ofisi yenye masanduku hayo, nasimama hewa ya moto inaponishukia kichwani, na watu wananigonga mabega. Nilikwenda kwa Bi Zuhura kabla hajafariki, nikamwambia tulikosea. Alisema, "Tulikosea nini, Juma? Nyama ilioza." Nilikwenda kwa Salehe. Alisema, "Bwana, usinirudishie maharage." Nilimwambia mhariri kuna habari ya zamani nataka kuisahihisha. Akauliza ni ipi, nikamweleza, akasema gazeti si msahafu, watu wamesahau. Labda wamesahau. Mimi sikujua anwani ya mtu mmoja ambaye hangesahau, na nakiri kwamba sikuitafuta kwa bidii.

Kisha wewe ukaandika barua kwa karakana tano za Mombasa kuomba kujifunza kazi, na ikajibu moja. Uliileta mbio kutoka posta. Jina chini: P. Wafula, fundi mkuu. Ulidhani nimenyamaza kwa furaha.

Nimeisoma barua ile mpaka nimeijua kwa nukta zake. Anasema njoo, kuna kitanda, kazi ni ngumu, utaanza kwa kuosha kondensa zilizojaa chumvi na vumbi. Basi. Haulizi baba yako ni nani, lakini jina lako limeandikwa Athumani Juma, na anwani ni ya Majengo. Majina ya Juma ni mengi. Je, hakunitambua, akachukua kijana yeyote? Au alinitambua, akataka nijue kwamba amenitambua? Au anakuita ili siku moja, mbele ya mafundi wenzake, akuulize baba yako aliandika nini? Mtu niliyemwona uani hakuwa mtu wa hivyo. Lakini mtu niliyemwona uani nilimwandika vibaya, kwa hiyo kuona kwangu ni ushahidi gani?

Nikafikiri kukuzuia, bila kutaja sababu. Ningesema mama yako ni mgonjwa. Nililikaribia hilo zaidi kuliko utakavyopenda kujua. Kisha nikafikiri kunyamaza tu, uende ukajifunze, na kama anajua, anajua. Hilo lilikuwa rahisi, na nimekwisha kulifanya mara moja.

Juzi nikaenda posta kupeleka telegramu. Karani ni kijana wa Makongeni, akaisoma kwa sauti mbele ya foleni, kama wanavyofanya: "Kijana Athumani ni mwanangu. Habari ya nyama ya Idi niliandika mimi. Magunia yalikuwepo. Nilifunga mimi. Kama humtaki niambie. Juma." Akanitazama. "Mzee, hii ni ya biashara au ya msiba?"

"Ipeleke tu."

"Hapa pa magunia, niweke ni magunia ya nini? Asije akadhani ni mzigo."

"Atajua."

Siku mbili sikupata jibu. Ndiyo maana nilianza barua hii bila kujua kama kesho una safari au huna. Nilitaka ujue yote kabla ya kupanda treni, ili akikufukuza mlangoni usijiulize umekosa nini. Na ukiamua mwenyewe kutokwenda, sitakulaumu. Akikupokea, usinitetee kwake. Wala usimfiche kitu kwa ajili yangu. Akikuuliza kitu usichokijua, sema hujui. Mimi nina umri huu na bado neno hilo linanitoka kwa shida. Na akikuuliza kuhusu mimi

Nimekatizwa hapo. Mtu wa posta alipiga hodi. Sasa ni saa kumi na robo, na telegramu iko mbele yangu. Nainakili kama ilivyo:

ASIJE NA MAKUBADHI. AJE NA VIATU VYA KUFUNGA. KARAKANA INA VYUMA. WAFULA.

Ndiyo yote. Nimegeuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu. Nimemwita yule mtu wa posta arudi, nikamuuliza kama ilikuja nyingine, akasema, "Mzee, ni hiyo hiyo." Maisha yangu yote nimesoma telegramu: za vifo, za kupanda bei, za magavana kufika na kuondoka. Hii sijui inasemaje. Hakusema amesamehe. Hakusema hakusamehe. Hakugusa magunia. Labda ya kwangu haikumfikia, na hii ni ya kila kijana mpya. Labda ilimfikia, na hili ndilo jibu. Nimejaribu kuisoma kama amekasirika, ikasomeka. Nimejaribu kuisoma kama amecheka, ikasomeka pia. Ninalolijua kwa hakika ni kwamba ameandika *aje*.

Nimetoka mara moja mpaka duka la Mhindi lililo barabarani, nikarudi. Viatu viko chini ya kitanda chako, vyeusi, vya ngozi, vya kamba. Nimekisia mguu wako, na safari hii nakubali kwamba nimekisia. Vijaribu sasa hivi, na soksi. Duka linafungwa magharibi. Vikikubana niambie, nitavirudisha.

Baba yako,
Juma